Niling'oa Masale ya Mpaka, Maji Yakaingia kwa Mama Zaina

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, fundi pikipiki hapa Same mjini, mzaliwa wa Ugweno. Kidato cha nne nilikimaliza ukubwani, kwa masomo ya jioni. Siku matokeo yalipotoka nilipiga kelele hadi tembo wa Mkomazi wakahama! Wanaonifahamu wanajua mimi ni mtu wa kucheka. Lakini haya ninayowasimulia leo, wasomaji wenzangu, sijawahi kuyacheka...

Jirani yangu ni Mama Zaina, mjane anayeuza vitumbua sokoni. Miaka yote ile ya masomo, nikirudi na njaa ya kula meza na miguu yake, nilikuta ameniwekea ubwabwa chini ya kawa. Yeye hakujaliwa kusoma. Tangazo lolote likitolewa mtaani, alikuja kwangu. "Eliudi mwanangu, wamesema nini?" Nami nilimweleza, na neno langu halikuulizwa mara ya pili.

Kati ya kiwanja chake na changu palikuwa na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu. Baba yangu na marehemu mumewe, wote watu wa Ugweno, walishuka na vipando kutoka mlimani wakavipanda kwa mikono yao. Kwetu mpaka wa masale hausogezwi. Na aliyemkosea mwenzake humwendea na jani la sale mkononi. Ukishikiwa jani lile, huna budi kusamehe.

Basi tamaa ikaniingia. Wageni walikuwa wakitafuta vyumba vya kupanga, na kila mwenye uani alikuwa akiongeza vyake. Nami nikataka vitatu! Uani kwangu penyewe hata kuku akitaka kugeuka lazima atoke nje kwanza. Mke wangu akaniuliza, "Baba Neema, na kibali?" Nikamjibu kwa kejeli, "Kibali cha nini? Kwani najenga ikulu?"

Wiki ileile pakawa na mkutano wa mtaa. Afisa kutoka halmashauri alieleza vizuri tu. Kuongeza vyumba uani hakukatazwi, ila uombe kibali kwanza, uache nafasi kati ya ukuta wako na mpaka wa jirani, na usizibe njia ya maji ya mvua. Nilikaa mstari wa mbele, nikatikisa kichwa kukubali hadi shingo ikauma.

Mama Zaina alikuwa sokoni siku hiyo. Jioni akaja na swali lake lilelile.

Ndugu zangu... kwa nini ulimi wangu haukukatika?

Nilimwambia serikali imesema kila mtu ajenge hadi mwisho wa kiwanja chake, na kwamba masale siku hizi si mpaka. Akayageukia masale.

"Hata haya ya baba yako?"

"Hata haya, mama. Ndiyo sheria."

"Haya. Kama serikali imesema, mimi nani?"

Kesho yake nikayang'oa yote na kuyachoma moto. Msingi nikauchimba palepale yalipokuwa, na mengine yalikuwa upande wake kabisa! Na yeye, mama wa watu, akawaletea mafundi wangu chai ya tangawizi na vitumbua. Nilikula vinne. Vilipita kooni bila aibu yoyote!

Masika ikaja. Mnaijua mvua ya Same. Hugoma hadi watu waisahau, kisha hushuka yote kwa mkupuo. Maji ya mlimani, ambayo miaka yote yalipita taratibu kandokando ya masale, yakakuta ukuta wangu. Yakageukia kwa Mama Zaina. Mchana kweupe jiko lake la udongo likaanguka, likazama na unga, mkaa, kila kitu cha biashara yake.

Majirani wakajaa. Nilimkuta amesimama ndani ya maji hadi magotini, chuma cha vitumbua kichwani, ndicho pekee alichookoa. Watu walikuwa wakinitukana. Unajua yeye alikuwa akisema nini?

"Msimlaumu Eliudi. Ni sheria ya serikali."

Yule afisa wa mkutano naye alikuwa amefika. Akashangaa. Akamuuliza ni nani aliyemwambia kuna sheria kama hiyo. Mama Zaina akaninyooshea mkono, tena kwa fahari!

"Mwanangu huyu hapa. Amesoma."

Uwanja mzima ukanigeukia. Mimi mwenye maneno kama redio, nikakosa hata moja. Niliangalia chini. Na kwa ukimya wangu ule, nikaona uso wake ukibadilika taratibu... akaelewa.

Halmashauri ikavipiga vyumba alama nyekundu ya X, yaani vibomolewe. Nilivibomoa mwenyewe kwa nyundo, na kwa matofali yake nikamjengea mama jiko jipya. Lakini msamaha ningeuombaje? Masale yangu yote nilishayachoma! Nilipokwenda kwake nikaona ndoo kuukuu mlangoni, na ndani yake sale moja limechipua. Kumbe siku ile nilipoyang'oa aliokota kipande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naomba jani moja la sale."

"La nini?"

"La kukuomba msamaha."

Akacheka kwa uchungu. "Eliudi! Hata la kuniomba msamaha nikupe mimi?"

Akalikata, akanipa. Nikapiga magoti, nikamrudishia kwa mikono miwili. Akalipokea. Kutoka kwenye ndoo ile tumepanda mpaka upya, pale pale pa wazee.

Amenisamehe, na ubwabwa ananiletea. Lakini juzi tangazo jingine lilipita mtaani. Nilisimama mlangoni nikimsubiri. Akaja, nikamwamkia, akaitikia vizuri... akapita. Akaenda nyumba ya tatu kumuuliza kijana wa watu, "Wamesema nini?"

Wenzangu, ukitaka kuongeza chumba uani, omba kibali, acha nafasi, acha maji yapite. Ukuta nimeubomoa kwa siku chache tu. Lakini kile kiswali chake, ambacho zamani nilikiona usumbufu, sijui kama nitakisikia tena mlangoni kwangu. Nawasihi, asiyejua kusoma akikuuliza sheria inasemaje, mwambie ukweli, hata kama unakunyima vyumba vitatu!