Boksi Lililokataa Kuitikia

Funga mlango. Flora, wewe hasa, mdomo wako ni redio! Apa kwanza: ukisema, ulimi uote kidonda. Umeapa? Haya, sogea.

Ilikuwa siku ya kawaida, jua linawaka. Akina mama wa Mungaa tulishapeleka kuku wetu Singida mjini, kwenye lile jengo la kuhifadhia nyama. Kuku wangu wote walikuwemo, niliowalea kama wajukuu. Hahaa! Wamechinjwa, wamenyonyolewa, wanasubiri lori la jioni.

Sasa jengo lile haliwashwi kwa mkono. Kuna boksi ukutani, wanaita kontrola, ndilo linaamuru baridi, feni, taa, kila kitu. Na boksi lina anwani yake, kama namba ya simu. Usipoijua, kompyuta haiongei nalo. Aliyeijua alikuwa fundi mmoja tu, mzee Chediel, na tulikuwa tumetoka kumzika. Mzee yule jamani! Kijana asipomwamkia, hampi hata bisibisi. Anamwangalia tu kama ukuta.

Basi baridi ikakata. Akaitwa Derick, mtoto wa kaka yangu, ndiye aliyeachiwa kazi. Akachomeka waya kutoka kwenye laptopu mpaka kwenye boksi, akatafuta anwani. Hakuna. Akajaribu ile ambayo boksi hutoka nayo kiwandani. Hakuna. Anazima, anawasha. Hakuna! Kitufe cha kufuta kipo, lakini kingefuta na yote mzee aliyolifundisha. Na kuku wameanza kutoa maji. Wakioza, akina mama tutamla nyama yeye!

"Mzee kaenda na anwani kaburini!" akafoka, akalizaba boksi kofi.

Esta, dada wa usafi, alikuwa anadeki kando ya ule waya, na ndoo yake. Akanong'ona, "Umemwamkia?"

"Nani? Boksi?"

"Kaka, hiki chumba ni chake."

Derick akacheka, cheko la hasira. "Haya basi, shikamoo boksi!"

Taa zikazimika.

Esta akatupa ndoo, akakimbia. Mlango ukajifunga nyuma yake. Nje mchana kweupe, ndani giza, imebaki laptopu tu inamulika. Derick akasikia ubaridi shingoni. Chumba kizima kina joto. Huo ubaridi unatoka wapi?

Akavua kofia. Sauti ikawa ndogo.

"Shikamoo, mzee Chediel."



Halafu kwenye laptopu ikatokea anwani. Moja. Akaibonyeza. Feni zikanguruma. Taa zikawaka. Kuku wetu wakapona! Wamekufa, lakini wamepona, hahaa!

Akainama achomoe waya wake.

Waya ulikuwa sakafuni. Esta aliuvuta kwa mguu alipokuwa anakimbia. Haukuwa umechomekwa popote.

Unacheka? Unauliza nani kaniambia? Derick mwenyewe, jana, kwa simu, akiwa mle mle chumbani. Na hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Mtoto alianza vizuri tu, kwa adabu: "Shikamoo, shangazi."

Mimi nilikuwa sijafungua mdomo.

"Marahaba," mtu akaitikia huko huko kwake, sauti nzito, kama anasafisha koo.

Derick akaendelea kusimulia. Alidhani ni mimi.