Kinanda Hakikujibu

Gitaa liliuliza mara tatu, na kinanda hakikujibu.

Watu zaidi ya mia nne waliojaa ndani ya sinema ya zamani ya mtaa wa Quartier Asiatique, Jumamosi hiyo mchana, walidhani ndivyo wimbo wa “Mvua Saba” ulivyotungwa. Kundi la Ikirere lilijulikana kwa mambo hayo: nyimbo ndefu kama ibada, midundo inayohesabiwa saba badala ya nne, vyombo vinavyoulizana na kujibizana. Kwa zaidi ya miaka thelathini mji ulikuwa umewangoja warudi jukwaani. Walikuwa wamepiga Kigali, wakapiga Bukavu, na Bujumbura, kwao, ndio ulikuwa mwisho wa ziara. Kwa hiyo Sylvère, mpiga gitaa, aliporudia swali lake mara ya nne na ya tano, huku akitazama mlango wa nyuma, watu walipiga makofi.

Idi, fundi wa sauti, ndiye aliyeona kwamba macho ya Sylvère yana hofu. Aliacha mashine yake, akaingia chumba cha wasanii nyuma ya jukwaa. Fortunat, mpiga kinanda na mtunzi wa wimbo, aliyekuja kutoka Ubelgiji kwa ziara hii, alikuwa amelala kifudifudi kando ya kiti. Kisogo chake kilikuwa kimepondwa. Sakafuni palikuwa na nyundo. Idi aliitambua nyundo hiyo, kwa sababu ilikuwa yake.

Alipiga magoti akamwinua kichwa, akimwita jina. Watu walipoingia, walimkuta hivyo, na damu mpaka viwikoni.

Jumapili asubuhi, Inspekta Nella alifunga mlango wa ofisi yake kabla ya kumwita mshukiwa. Misa ilikuwa imempita. Aliinamisha kichwa akasema, “Bwana, usiniache nimfunge asiye na hatia kwa sababu tu nimechoka.” Mkuu wake alikuwa amekwisha sema neno lake: nyundo ni ya Idi, damu iko mikononi mwa Idi, na asubuhi ya onyesho Idi na marehemu walitukanana. Jumatatu asubuhi apelekwe kwa mwendesha mashtaka, na kutoka hapo gerezani.

Idi aliletwa. Hakuwa amelala.

“Uliacha mashine yako wakati gani?”

“Kabla ya kumkuta, chef,” alijibu, akimwita kama polisi wanavyoitwa mjini, “niliiacha mara moja. Fortunat alipoteremka jukwaani kupumzika. Pale inabaki gitaa na ngoma peke yake, na iko ndefu, dakika kumi na zaidi. Alasiri ilikuwa imeingia. Nilitengeneza sauti, nikaenda kuswali kule nyuma, karibu na jenereta. Niliporudi, nikasikia gitaa inaita.”

“Nani alikuona ukiswali?”

“Mungu.”

“Huyo siwezi kumwandikia karatasi ya kumwita, Idi.”

“Najua, chef. Ndiyo maana sikulala.”

“Na matusi ya asubuhi?”

“Alisema kinanda yake inalia kama nyuki, ati mi nina masikio ya mbuzi. Nikamwambia mbuzi anasikia muzuri kuliko muzungu mweusi wa Ubelgiji. Kisha tukacheka sana. Lakini batu wanasikia matusi, kicheko hawasikii.”

“Nyundo ilikuwa wapi?”

“Ndani ya mufuko wangu, mulangoni pa chumba cha wasanii. Mufuko ulikuwa wazi. Kila mutu aliyepita kule aliuona.”

Nje, kwenye lango, mkewe Idi alikuwa amesimama na sahani iliyofunikwa kitambaa. Jina lake Sikuzani. Hakulia. Alimshika Nella mkono kama mtu anayemshika ndugu.

“Dada, shemeji yangu walimwambia ni wiki mbili tu, wanatafuta ukweli. Sasa ni mwaka wa nne. Watoto wake wanamwita ‘yule wa gereza’. Kama huyu anaenda kesho, nitawaambia wangu nini?”

Nella alimpa ruhusa ya kuingiza chakula, akaanza kazi.

Wa kwanza alikuwa Maxime, kijana aliyepanga ziara. Watu walikuwa wamemsikia akimfokea Fortunat Ijumaa. Hakukana.

“Alitaka kusema maneno jukwaani, mwisho wa ‘Mvua Saba’. Nilimwambia eka, acha, muziki tu, hotuba zitatuletea matatizo. Akasema hotuba yake ni ya mutu mumoja, si ya serikali.”

“Mtu gani?”

“Hakumtaja. Alisema tu inamuhusu Herménégilde.”

Herménégilde alikuwa mpiga filimbi wa Ikirere. Alitoweka wakati wa vita, ile krize kama watu wanavyoiita, na mji ulijua kwamba alikimbilia Kanada akamwacha mke. Maxime mwenyewe alikuwa mlango wa mbele tangu mwanzo wa wimbo mpaka kelele zilipoanza, pamoja na polisi wawili. Nella aliwauliza polisi hao mmoja mmoja. Wote wawili walisema hivyo hivyo, na kwamba watu walikuwa wakiingia na kutoka bila wao kuwahesabu.

Saa tano Nella alikuwa mtaa wa Mutakura, nyumbani kwa Christa, ambaye zamani alikuwa mke wa Herménégilde. Sasa ni mke wa Jovithe, mzee wa kanisa, mwenye duka mtaa wa Jabe la kukodisha viti na mahema ya harusi na misiba. Viti vya onyesho vilikuwa vyake. Nella aliomba kuzungumza na kila mmoja peke yake.

“Herménégilde aliniacha mu krize,” Christa alisema. “Jovithe alikuwa na gari, akampeleka mpaka mpakani. Alipaswa kufika Uvira, kule Kongo, na kuniita. Hakuniita. Baadaye Jovithe akasikia ameoa kule Kanada, akaona vibaya kunificha.”

“Barua?”

“Hata moja. Mutu aliyekutupa atakuandikia nini?” Alikunja kitambaa mikononi. “Nimemlaani miaka yote hii, dada. Padri alinikataza. Nikaendelea.”

“Na jana ulikaa wapi?”

“Mbele kabisa. Jovithe alikuwa nyuma na viti vyake. Kuna mahali mu wimbo ule mi huwa napumua. Nyumbani nilikuwa nikifika pale, nafuta machozi, halafu naendelea. Jana nilipangoja, nikapakosa. Wakapita tu kama mto. Nilimushika mukono mama mumoja nisiyemujua, na yeye alikuwa amenishika.”

Jovithe alimpokea Nella kwa upole, akamletea Fanta mwenyewe.

“Karibu, binti yangu. Kazi yako ni ngumu, tunakuombea.”

“Asante, mzee. Jana ulikuwa wapi wakati wa ‘Mvua Saba’?”

“Nilisimama nyuma ya ukumbi, karibu na viti vya akiba. Nusu ya kwanza yote nilisikiliza. Walipokaa kimya katikati, nikatoka mulango wa mbele kuvuta hewa. Nusu ya pili ilipoanza, nilikuwa nimerudi mahali pangu. Kisha nikasikia batu wanapiga yowe.”

Nella aliandika. Kimya hicho alikijua. Alipokuwa msichana, kaka yake alikuwa na kaseti ya “Mvua Saba”. Muziki ulififia katikati ya ngoma, kaka akageuza kaseti, na nyumba nzima ikangoja bila kusema neno mpaka ngoma zirudi.

“Ulikuwa na ugomvi na Fortunat?”

“Fortunat? Tulikuwa kama ndugu. Wakati ule gari yangu ndiyo ilibeba vyombo vyao.”

Alimsindikiza mpaka barabarani, akambariki.

Saa saba Nella alirudi kwenye sinema. Sylvère na Namegabe, mpiga ngoma kutoka Bukavu, walikuwa wameketi ukingoni mwa jukwaa. Hawakuwa wamefungua hata waya mmoja. Wawili hao hawakuweza kushukiwa, kwa kuwa ukumbi mzima uliwaona wakipiga. Alitaka kujua tu nani alipita nyuma.

“Mliposimama katikati ya wimbo,” aliuliza, “mmoja wenu aliingia chumbani?”

Sylvère alimtazama. “Tulisimama wapi?”

“Pale katikati. Pa kugeuza kaseti.”

Namegabe alicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyelia usiku kucha. “Yoo, afande! Na we pia? Muziki hausimami pale. Ni kaseti ndiyo ilikuwa inaisha!”

“Wimbo ni mrefu kuliko upande mmoja wa kaseti,” Sylvère alieleza. “Waliokopi kaseti za kuuza walikata pale, hawakutuuliza. Na kabla ya ziara hii hatukuwahi kuupiga mbele ya watu. Tuliurekodi, kisha krize ikatutawanya. Burundi nzima inaujua kwa kaseti.”

“Na jana?”

“Jana ilikuwa kama Bukavu,” Namegabe alisema. “Tulipofika pale, ukumbi mzima ulinyamaza kungoja. Sisi tukapita. Batu wakapiga kelele ya kushangaa, wengine wakasimama juu ya viti. Mutu aliyekuwa humu ndani hawezi kusahau ile. Hawezi.”

Nella alikaa kwenye kiti cha karibu. “Wakati huo Fortunat alikuwa wapi?”

“Alikuwa ameisha kuteremka. Pale ni sisi wawili.”

Sylvère alifuta uso. “Kuna neno, afande. Bukavu alikutana na mutu aliyemjua zamani. Tangu hapo hakula vizuri. Alituambia, ‘Kuna mutu nimempa muda mpaka mwisho wa wimbo. Kama hasemi yeye, nasema mimi.’”

Saa kumi jioni Nella aliwaita wote kwenye sinema. Idi aliletwa na pingu mikononi, na Sikuzani aliingia nyuma yake bila kuombwa, akasimama karibu na ukuta. Christa aliketi mbele, mahali pake pa jana. Jovithe alikuja na suti yake ya kanisa.

“Mzee,” Nella alisema, “nisaidie kupanga saa zangu. Simama pale ulipokuwa. Hawa watapiga kile kipande. Wimbo ukisimama, inua mkono, nijue ulitoka wakati gani.”

“Hakuna shida, binti yangu.”

Walipiga. Bila kinanda, muziki ulikuwa mtupu, gitaa likipanda hatua saba na kuteleza, ngoma zikilifuata kwa chini. Idi aliinamisha kichwa kusikiliza. Ngoma zilipoanza kushuka, kama vile kwenye kaseti, Jovithe alianza kuinua mkono. Ulifika usawa wa kifua.

Ngoma hazikufifia. Zilishuka, zikageuka, zikapanda tena kwa nguvu zaidi, na gitaa likaingia juu yake.

Mkono wa Jovithe ulibaki pale pale. Nella aliinua wake, na wale wawili wakaacha kupiga.

Christa alikuwa amegeuka kwenye kiti kumtazama mumewe.

“Jovithe. Haikusimama.”

“Nilichanganya, mama. Nilikuwa nafikiria kaseti.”

“Ukumbi wote ulipiga yowe. Nilikamata mukono wa mutu nisiyemujua. Hata polisi wa mulangoni walisikia. We ulikuwa wapi?”

“Christa...”

“Fortunat alikupa muda mpaka mwisho wa wimbo,” Nella alisema. “Useme nini, mzee?”

Jovithe alitafuta kiti, akakaa. Alitazama viti vyake, safu kwa safu, kama mtu anayevihesabu kabla ya msiba.

“Hatukufika mpakani,” alisema. “Kulikuwa na bariyeri, njia imefungwa. Vijana. Mumoja akaniuliza, ‘Huyu ni wako?’ Nikasema, ‘Apana. Simujui. Nimemubeba njiani tu.’” Sauti ilikuwa ndogo. “Wakamuteremusha. Mimi wakaniambia nipite. Nikapita.”

Namegabe aliweka fimbo zake za ngoma chini.

“Uliogopa,” Christa alisema.

“Niliogopa. Lakini nilikuwa nimekutamani kabla ya hapo, na niliposema vile nilijua nilichokuwa nasema. Ile ya Kanada nilitunga ili usingoje. Bukavu, Fortunat akakutana na mumoja wa wale vijana. Sasa ni muzee, anatubu kila mahali. Fortunat akanipigia simu. Akasema, ‘Mwambie mwenyewe. Kama hapana, nitamwambia mbele ya mji.’ Jana alipoteremka nilimufuata chumbani. Nilimuomba kwa magoti. Akanigeuzia mugongo, akasema bado nina dakika chache. Nyundo ilikuwa pale mulangoni.”

“Na damu?”

“Shati iko dukani, ndani ya hema iliyokunjwa. Nilikuwa na lingine kwenye gari.”

“Na ukaniacha mi nifungwe,” Idi alisema. “Muzee wa kanisa.”

Nella alimfungua Idi pingu. Hakuwa na nyingine, kwa hiyo alizichukua zile zile, zikiwa bado na joto, akamfunga nazo Jovithe. Sikuzani alipita katikati ya viti, akavisukuma kando, akamshika mumewe mkono wa shati.

“Niruhusu niombe kwanza,” Jovithe alisema. Alifumba macho, akaanza kwa ile sauti yake nzito iliyozoea kuongoza watu. “Baba yetu mwenye rehema...”

“Apana,” Christa alisema. “Usiombe. Sema alilala wapi.”

Jovithe alifumbua macho.

“Barabara ya Uvira. Kabla ya kufika mto, upande wa kushoto. Wakati ule kulikuwa shamba la pamba. Niliwaona wanamuua, kwa kioo cha gari.”

Christa alirudia maneno hayo polepole, moja baada ya jingine, kama mtu anayejifunza njia. Nella aliomba moyoni, lakini hakupata sentensi. Sylvère alikuwa ameweka kiganja juu ya nyuzi za gitaa ili zisitoe sauti.

Ni Idi aliyesema, akiwa bado anasugua vifundo vya mikono, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona. “Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.”

“Nirudilie maneno hayo,” Christa akamwambia. “Polepole. Nifundishe.”