Nakala ya Tatu

Asubuhi ya Jumatatu Hellena alifungua kompyuta ya masjala akakuta majina manane mahali alipoandika saba. La nane lilikuwa la Clemens, karani mwenzake, ambaye siku hiyo hakufika kazini.

Kosa lilianzia kwenye mafunzo. Mwaka 2001 mkufunzi kutoka Dar es Salaam alikaa Sumbawanga wiki mbili akiwafundisha makarani kuingiza mafaili kwenye kompyuta, na kila siku aliwakaririsha: nakala tatu, moja ofisini, moja ofisi ya Namanyere, moja nyumbani, pakavu pasipo jua. Kwenye rafu ya chini lilikuwepo faili lililoshonwa kwa uzi mweusi. Mzee Sebastiani, kabla ya kustaafu, aliwaonya kuwa ndani yake mganga alifunga jini lililomaliza watu saba wa nyumba moja kule Mwazye, na majina yao yameandikwa humo. Mkufunzi alicheka. Hellena, kwa uchu wa cheti, akakata uzi akaandika yote kwenye kompyuta. Cheti, jamani!

Clemens alizikwa Alhamisi. Tangu hapo kompyuta, hata ikiwa imezimwa, ilitoa sauti ya mtu anayesaga ulezi kwenye jiwe, na harufu ya ulezi ulioungua ikajaa chumba mchana kweupe. Jumatatu iliyofuata likaongezeka jina la tisa, Winifrida, na Hellena, ambaye hakuwa na mtoto mwingine ila huyo wa miaka sita aliyemwacha nyumbani na homa, alitoka mbio bila viatu mpaka kwa Bibi Bertilla, mganga, akamvuta mkono huku akilia njia nzima hadi ofisini.

Bibi alichoma faili, akaamuru majina yafutwe, akanyunyiza dawa. Sauti ikakatika. Harufu ikaisha. Hellena alipiga magoti kwa furaha.

“Umeliandika mahali pengine?” Bibi aliuliza kwa sauti ya chini.

Hellena akavuta droo ya meza.

“Niambie, mwanangu.”

“Disketi tatu, bibi. Moja ipo humu. Moja imepanda basi la Namanyere juzi.”

“Na ya tatu?”

Ya tatu aliificha pakavu, pasipo jua, chini ya godoro la Winifrida.

Alikimbia hadi nyumbani, mtaa wa Izia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na nyuma yake mtu alikuwa akisaga ulezi polepole. Nyumbani kwao hapakuwa na jiwe la kusagia.