Kijiko cha Pili

Kila asubuhi Umwali alikuwa wa kwanza kuamka. Aliwasha jiko la makaa, akakoroga uji wa mtama, akaumimina katika kikombe kikubwa cha bati na kukifunika kwa sahani usipoe. Kisha alifagia ua na kuchota maji ya kunawa ya baba yake. Kazi zote hizo alizifanya kimya, kwa kuwa hapakuwa na wa kuongea naye. Nyumba yao pale Kamembe ilikuwa na watu wawili tu, yeye na baba yake Munyemana, na Munyemana akisema maneno matatu kabla ya jua kuchomoza, basi siku hiyo ilikuwa sikukuu.

Zamani haikuwa hivyo. Walipokuwa wakiishi ng'ambo ya mto, mjini Bukavu, alikozaliwa Umwali, mama yake alikuwa msemaji wa nyumba nzima, na baba alikuwa mtu wa kucheka. Mama alikufa kwa homa mwaka ule vita vilipoingia mjini na watu wakatawanyika. Baba na mtoto wakavuka mto Rusizi, wakaja kuishi katika nchi ya mababu zao, nchi ambayo Umwali aliijua kwa kusimuliwa tu. Sasa ilikuwa mwaka wa elfu mbili, na bado ulimi wake ulikwama kwenye Kinyarwanda. Shuleni wenzake walimwita Mkongomani na kuangua kicheko. Hawakuwa watoto wabaya, lakini mtu anayechekwa kila afunguapo kinywa hujifunza kukifunga. Kwa hiyo duniani alibakiwa na baba yake peke yake, Papa kama alivyomwita, na Papa alikuwa anakonda.

Munyemana alikuwa mpasua mbao. Yeye na mwenzake Mukengere walilaza gogo juu ya shimo, mmoja akasimama juu na mwingine chini, wakavutana msumeno mrefu mchana kutwa. Kazi kama hiyo inataka mtu aliyekula akashiba, na Munyemana hakuwa anakula. Mchana hakutia kitu kinywani, kwa sababu shimo lao lilikuwa kando ya barabara, na kwa desturi ya huko mtu mzima kutafuna mbele za wapita njia ni aibu kubwa. Jioni alimega matonge mawili ya ugali wa muhogo, akasukuma sahani upande wa Umwali na kusema ameshiba. Maparachichi na mapapai yalianguka yenyewe nyuma ya nyumba, lakini hakuyagusa. Matunda, alisema, ni chakula cha watoto. Umwali alimwamini. Ila aliona jinsi mkanda wa suruali ulivyotobolewa tundu jipya, akaogopa sana, na hakujua amwambie nani.

Siku moja ya soko Papa alirudi na kopo. Alilinunua kwa Balagizi, mchuuzi aliyetandaza turubai lake kwenye njia iendayo daraja la mpakani, Rusizi ya Pili. Balagizi alikuwa na maneno matamu, angeweza kumuuzia samaki maji ya ziwa. Alimwambia Munyemana kwamba huo ni unga wa vitamini ya wanaume, kijiko kimoja asubuhi, na mtu atapasua mbao kama kijana. Kwenye kopo palikuwa na picha ya mwanamume mwenye kifua kipana kama mlango, na maandishi ambayo si baba wala mtoto aliyeweza kuyasoma.

Umwali aliuliza kama mganga wa kituo cha afya ameuona unga huo. Papa akacheka kidogo. Akasema kituo cha afya ni mahali pa wanawake na watoto. Yeye na ndevu zake akakae benchi moja na mama wajawazito, si ataulizwa mimba yake ina miezi mingapi?

Na kweli, siku za mwanzo kopo lilifanya maajabu. Papa alitoka nyumbani kwa hatua za haraka. Jioni moja alimsimulia Umwali jinsi marehemu mama yake alivyomfukuza kwa mwiko siku ya kwanza alipokuja kuposa, wakacheka wote wawili mpaka machozi yakawatoka. Usiku huo Umwali alilala na furaha ambayo alikuwa ameisahau. Alilipenda kopo lile kwa moyo wote.

Baadaye mambo yakageuka. Papa akaanza kukosa usingizi. Mikono ikamtetemeka hata kikombe kikagonga meno, na ule ukimya wa zamani ukarudi. Umwali aliwaza na kuwazua peke yake, maana hata mwenzake wa dawati hakuwa mtu wa kumwambia siri. Akaona jibu ni moja tu. Kama kijiko kimoja kilimrudishia baba yake sauti, basi kijiko hicho sasa kimezidiwa na kazi. Kesho yake, kabla Papa hajaamka, alitia kijiko cha kwanza katika uji, kisha akatia cha pili. Akaongeza sukari ili ladha isibadilike. Papa alipokuja kutia kijiko chake mwenyewe, kikawa cha tatu. Umwali hakusema neno, asubuhi ile na nyingine zilizofuata. Alidhani anamponya, lakini siri ilimfanya awe mpweke zaidi ya alivyokuwa, kwa sababu sasa hata na Papa hakuweza kuongea sawasawa.

Alasiri moja alipotoka shuleni alimkuta Mukengere amesimama mlangoni, nguo zake zimejaa unga wa mbao.

"Papa yako ameanguka ku kazi," Mukengere alimwambia taratibu. "Moyo ilikuwa inamupiga sana. Tumemubeba ku santeri. Njo twende."

Santeri ndicho kituo cha afya chenyewe. Munyemana alikuwa amelazwa kwenye kitanda chembamba, jasho likimtiririka, kifua kikipanda na kushuka. Muuguzi aliyemhudumia aliitwa Tumukunde, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Alikuwa akimuuliza Munyemana kama kuna dawa yoyote aliyokunywa. Munyemana aligeuza uso ukutani, akajibu kwamba hakunywa kitu, ni jua tu. Muuguzi akauliza tena, akapata jibu lile lile.

Umwali alisimama miguuni pa kitanda. Akisema, Papa atajua kwamba ni mtoto wake mwenyewe aliyemwangusha, na pengine hatamtaka tena. Hana ndugu, hana shangazi, hana mlango mwingine wa kubisha. Akinyamaza, Papa anaweza kumfia pale pale mbele ya macho yake. Akapiga moyo konde.

"Papa anakunywaka unga ya ndani ya kopo," alimwambia muuguzi. "Ya wanaume. Na mimi nilikuwa naongeza vijiko bingine ndani ya uji. Yeye hajui."

Munyemana alifumba macho. Muuguzi hakumkaripia mtoto. Alimtuma alete hilo kopo, naye Umwali akakimbia mpaka viatu vikamvuka. Tumukunde aliunusa unga, akaulamba kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa. Alisema hajui ndani mmetiwa nini, na Balagizi naye hajui, lakini bila shaka kuna kitu cha kuuchapa moyo ukimbie. Sasa alijua cha kufanya. Alimpa Munyemana dawa, akakaa naye akimpima mapigo mara kwa mara, na jua lilipotua moyo ulikuwa umetulia.

Asubuhi iliyofuata alimpima damu, akaikuta imepungua mno. Akavuta kiti, akawaketisha baba na mtoto pamoja.

"Papa Umwali," alisema, "vitamini ya kweli iko, na inasaidia muntu. Hata mimi nitakupa vidonge vya kuongeza damu, kwa kipimo. Lakini nyongeza inakuja juu ya chakula. Kama sahani haina kitu, inaongeza nini? Wewe ulikuwa unachapa ng'ombe yenye haijakula, eti ivute. Ukule mchana, hata kama batu banapita. Ukule maharage, majani na matunda. Mwili ya mwanaume na ya mutoto, vyote binaomba chakula."

Kisha akamgeukia Umwali. Alimwambia kwamba kumwekea mtu dawa kwa siri ni hatari kubwa, hata ukimpenda namna gani, na kwamba kipimo kikizidi dawa hugeuka sumu. Halafu akamshika bega.

"Lakini umesema ukweli wakati ilikuwa ngumu kuusema," aliongeza. "Kama ungenyamaza, ningemutibu ugonjwa ya jua tu."

Jioni Munyemana aliruhusiwa kwenda nyumbani. Umwali alipika maharage na ndizi, akaandaa sahani moja kubwa, akaketi mbali kidogo akisubiri kugombezwa. Papa akamwita aje karibu. Alikuwa akitafuta maneno, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Sikukasirika," alisema hatimaye. "Nilikuwa nasema nimeshiba sababu nilitaka wewe ukule. Na kopo, nilinunua sababu niliona nguvu inaisha, na sikutaka uone. Nilikudanganya, na wewe ukanificha. Tuko batu wawili tu, Umwali. Ugonjwa ya mumoja, mwingine anapaswa kuijua. Kuanzia leo, nikichoka nitakuambia. Na wewe kama uko na kitu ndani ya roho, useme."

Umwali aliinamisha kichwa. Safari hii hakuficha kitu.

"Kila siku nikitoka ku shule," alisema, "naogopa kufungua mlango. Naogopa nitakuta hauko."

Munyemana aliweka mkono wake juu ya kichwa cha binti yake.

"Hata mimi, mama," alisema. "Kila siku nikitoka ku kazi."

Akasogeza sahani katikati yao, wakala.