Embu kwa Njia ya Ndege

Kanana alikuwa akimenya viazi. Mumewe, Kailemia, alishika kikombe cha chai lakini hakunywa. Nyumba yao ya Kibirichia, Meru, ilikuwa kimya tangu Jumamosi.

Siku hiyo walikwenda Embu na wazee wao, kumposea kijana wao Mugambi. Walitarajiwa saa tano. Walifika saa saba, na wazee wa huko walikuwa wamechoka kungoja, wakaondoka.

Baba wa msichana, Mzee Ireri, aliwaambia kwa upole, "Rudini Jumamosi ijayo, saa ile ile. Lakini nitawaita wazee wangu mara moja zaidi tu."

"Bado sielewi," Kailemia alisema. "Simu iliandika Meru mpaka Embu ni kilomita sabini hivi. Safari ya dakika kumi na tano."

"Dakika kumi na tano!" Kanana alisema. "Na mimi nimepakata kapu la maharagwe ya njahi mpaka miguu ikafa ganzi!"

Jirani yao, Mwalimu Kajuju, alikuwa amekuja kununua maziwa. Aliomba aione simu.

"Baba Mugambi, huu ni umbali wa angani, na muda ni wa ndege. Wamepima kama ndege inavyoruka, moja kwa moja."

"Ndege gani? Mimi niliuliza Embu." Kailemia alikunja uso. "Na kilomita si ni kilomita?"

Mwalimu alimtoa nje, Kanana akawafuata. Ng'ambo ya bonde, jirani yao Lenah alikuwa akianika nguo.

"Msalimie."

"Lenah! Hujambo?"

"Sijambo! Wakwe wamewafungulia mlango?"

Kanana alijifunika uso kwa leso.

"Sauti imefika mara moja," Mwalimu alisema. "Sasa ukimpelekea maziwa?"

"Nusu saa. Lazima nishuke, nizunguke mpaka darajani, nipande tena…" Kailemia aliangalia bonde, akaangalia simu. "Kumbe niliwapeleka wazee kwa njia ya sauti?"

"Ndiyo. Na barabara ya Embu ina mabonde mangapi?"

Mwalimu alimfundisha kubonyeza picha ya gari, kisha kuandika Kibirichia, mahali safari inapoanzia. Muda mpya ulitokea: zaidi ya saa tatu.

"Kisha ongeza muda wa kupumzika."

"Na wa uji wa mzee wetu Kaberia," Kanana alisema. "Hapandi gari kabla ya kunywa."

"Basi tutatoka saa kumi na mbili asubuhi," Kailemia alisema. Lakini moyo wake ulikuwa bado na wasiwasi.

Jumamosi, saa nne na nusu, walisimama mbele ya lango la Mzee Ireri. Lilikuwa bado limefungwa. Ruguru, msichana aliyeposwa, alichungulia, ufagio mkononi, akamwona Mugambi.

"Baba! Wameshafika!"

Mzee Ireri alitoka na povu la sabuni kidevuni.

"Leo mmekuja kwa ndege?"

"Hapana," Kailemia alijibu, akivua kofia. "Ile siku nyingine ndiyo tulitumia ndege. Leo tumekuja kwa barabara."