Meno Arobaini na Nne

Niligeuza gurudumu la nyuma la pikipiki taratibu na kuhesabu meno kwa kidole.

Arobaini na nne.

Nikarudia. Arobaini na nne.

Mimi nilifunga sproketi ya meno thelathini na tisa, kwa mikono yangu. Na mtu mwingine mmoja tu ndiye aliyekuwa na spana zangu...

Rafiki yangu Nikolaus.

Ndugu zangu mnaonisoma hapa, mnanijua sipandishi sauti. Lakini asubuhi ile ya Saba Saba, 1974, uani kwa shangazi yake Nikolaus pale Kilosa, nilikaribia kupiga kelele.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Naitwa Kasiani, wa Mikumi. Ufundi nilijifundisha mwenyewe, cheti sina. Mwaka ule Mzee Mwinshehe, mkuu wa karakana ya shamba moja la mkonge, alitangaza mashindano ya pikipiki Kilosa, siku ya Saba Saba.

"Nitaangalia mashine inavyozunguka uwanja," alisema. "Fundi wa mashine bora nitamwajiri. Cheti sitauliza."

Mnaelewa maana yake kwa mtu kama mimi? Kila mlango niliobisha waliuliza cheti kwanza.

Nilikuwa na pikipiki kuukuu niliyoiokota imekufa. Vipuri havikupatikana, na hata vingepatikana mfuko haukuruhusu. Nikavua taa, madigadi na kiti cha abiria ili iwe nyepesi. Breki nikazivika lainingi iliyochongwa kutoka ya lori. Shokapu zilizolegea nikazikaza kwa vipande vya mpira wa tairi.

Mwisho nikafunga sproketi ndogo nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni. Ikiwa ndogo, pikipiki inachelewa kuchanganya, lakini ikishachanganya inakimbia sana.

Kila kitu nilikiandika kwenye daftari, nikalifunga kwa kamba chini ya kiti.

Nilijaribu kwenye barabara kuu inayokatiza mbugani. Imenyooka kama rula. Pikipiki iliruka!

"Kasiani," Nikolaus aliniambia, "uwanja wenyewe umeuona?"

"Hesabu ziko kwenye daftari."

"Nakuuliza uwanja, unanijibu daftari. Ukikutana na tembo humu barabarani utamsomea daftari?"

"Soma ukurasa wa kumi na mbili, kaka."

Akacheka, akaacha. Miezi mitatu alinishikia spana, na kila aliposema jambo nilimwelekeza kwenye daftari.

Ijumaa akaipakia pikipiki kwenye treni, akatangulia nayo Kilosa. Mimi nikafuata Jumapili alfajiri kwa lori la mahindi.

Na hapo ndipo nikahesabu arobaini na nne.

"Shikamoo, shangazi. Nikolaus yuko wapi?"

"Marahaba, baba. Kaenda Chanzuru kutafuta petroli. Kasema usiguse kitu mpaka arudi."

Nisiguse kitu...

"Jana alikuwa na nani?"

"Na Mzee Mwinshehe. Walizunguka uwanjani jioni nzima, wanaongea."

Sasa niambieni, nyinyi mngefikiri nini?

Mimi huwa nachelewa kumhukumu mtu. Siku ile nilimhukumu kabla uji haujapoa. Nikaona anaitaka kazi yangu.

Sproketi yangu ndogo ilikuwa kwenye mfuko wa spana, imefutwa vizuri. Nikafungua gurudumu, nikairudisha. Nilikuwa nakaza nati ya mwisho alipoingia na dumu la petroli, jasho linamtoka.

Akaangalia gurudumu. Akaniangalia.

"Kasiani, umesoma?"

"Sitaki maneno."

"Nakuuliza, umesoma au..."

"Nimesema sitaki maneno, Nikolaus. Weka petroli hapo, nenda kwa Mzee wako."

Aliweka dumu chini. Akatoka.

Uwanjani niliuona uwanja kwa mara ya kwanza, nikiwa juu ya pikipiki na bendera inashushwa.

Kona. Baada ya kona, kona nyingine. Kila nikitoka kwenye kona injini inakohoa, inatafuta nguvu, na ikianza tu kuchanganya, kona nyingine hiyo hapo. Hata gia ya tatu sikuifikia. Vijana kando ya kamba wakanipigia kelele: "Kaka, shuka usukume!"

Nilimaliza wa mwisho.

Mzee Mwinshehe akaja, akachuchumaa, akahesabu meno.

"Jana ilikuwa na arobaini na nne. Nani alifunga ile?"

Ningeweza kusema ni mimi. Ulimi ulikuwa tayari.

"Nikolaus, mzee."

"Na nani aliitoa?"

"Mimi."

"Basi mwambie Nikolaus aje karakana kesho."

Nilikaa chini kando ya pikipiki. Kwa kukosa la kufanya nikalifungua daftari lile. Sikulifungua asubuhi kwa sababu nililijua kwa moyo.

Chini ya ukurasa wa kumi na mbili kulikuwa na mwandiko wa penseli usio wangu:

"Kasiani, wewe huamini ila kilichoandikwa humu, basi naandika. Nimeupima uwanja kwa miguu. Kona saba. Pa kunyooka parefu kuliko pote ni hatua themanini. Nimefunga ya 44, nimeiomba karakana. Usiirudishe yako. Mzee nimemwambia fundi ni wewe."

...

Niliusoma mara mbili, kama nilivyohesabu meno mara mbili.

Nikolaus hakutaka kwenda. Nilimsukuma mimi. Alifanya kazi pale mpaka alipostaafu, na mimi nikaendelea kuziba pancha Mikumi.

Kwa hiyo, vijana mnaoniuliza mwanzie wapi kuboresha pikipiki ya mashindano kwa mfuko mdogo: anzeni na miguu. Kauzungukeni uwanja. Ni bure. Na mwenzako akikuambia jambo, nyamaza amalize.

Nikolaus bado yupo. Kila akija kwangu namwamkia, nampa kiti, na kabla hajakaa ananiuliza swali lilelile:

"Umesoma lakini?"