Kocha Alimweka Benchi Kaka Obiero, Nami Nikanyamaza

Nina miaka arobaini na mitatu, sina mke, na mpaka leo nikisikia king'ora cha gari la wagonjwa hapa Toronto, nasimama palepale nilipo, hata iwe katikati ya barabara. Wenye magari hunipigia honi. Siwasikii. Moyo wangu unakuwa umesharudi kwenye ule uwanja...

Wasomaji wenzangu, niliacha shule kidato cha pili, kule Tanga. Ada ilikuwepo. Tatizo lilikuwa mimi, nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Nikiona lori, nataka kujua linaishia wapi. Basi nikapanda. Nimekanda chapati Mombasa, nimeosha vyombo Johannesburg, nimefagia kanisa kwenye mji mmoja wa Ureno ambao jina lake sikuwahi kulitamka sawasawa. Mwaka 2008 nikajikuta Toronto, nina begi moja na koti la kuazima.

Kaka Obiero nilikutana naye kwenye ibada ya Kiswahili, Etobicoke. Mungu anisamehe, sikwenda kusali, nilifuata pilau. Alikuwa Mjaluo wa Kisumu, mrefu, mwenye mabega kama mlango, aliyeletwa Kanada na mama yake akiwa na miaka tisa. Aliponisikia nikiuliza maswali bila kupumua alicheka sana, akaniita TZ, na kabla sahani hazijaoshwa alikuwa ameshaniambia nikalale kwake.

Nililala kwake miaka minne!

Walikaa Weston, ghorofa ya kumi na moja, dirisha linatazama mto Humber. Mke wake, shemeji Konsolata, alikuwa Mtanzania mwenzangu wa Rorya, akifanya kazi ya kuhudumia wazee. Binti yao Achieng' alielewa kila neno langu na kunijibu kwa Kiingereza. Obiero akaniingiza kwenye kiwanda alichofanyia kazi, karibu na uwanja wa ndege. Kitanda, kazi, watu wa kula nao... vyote nilivipata kwake. Ndivyo vilivyokuja kunifunga mdomo.

Sasa, Obiero alikuwa mchezaji. Msidhani nasema mpira wetu wa miguu. Ni ule wa huku, wenye mpira wa umbo la yai, watu wamevaa helmeti na wanagongana kama malori. Yeye alikuwa kwotabeki. Huyo ndiye anayepokea mpira kila shambulio linapoanza, na kwa sekunde chache tu anatakiwa aamue ampe nani au amrushie nani, huku majitu ya upande wa pili yanakuja kumlaza chini. Timu yetu ilikuwa ya ridhaa, ya watu wazima wenye kazi zao, lakini ilikuwa na washabiki wakali, na kwao Obiero alikuwa mfalme. Alikuwa ameishika nafasi ile miaka kumi na minne.

Mimi nilianza kumsindikiza kwa udadisi tu. Niliuliza mpaka wachezaji wakawa wanajificha wakiniona. Mwishowe nikapewa kazi ya kubeba chupa za maji, nadhani ili mdomo wangu upate shughuli.

Katika mchezo ule kila shambulio lina mpango wake, na kila mpango una namba. Kocha hapigi kelele, wapinzani wasije wakasikia. Namba zinaonyeshwa kwa ishara za mikono kutoka pembeni, na kwotabeki anaangalia orodha ndogo aliyoifunga mkononi kama saa. Mimi, wa kidato cha pili, nilizijua ishara zote kabla msimu haujafika nusu. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama tu. Laiti nisingetazama!

Kiangazi cha mwaka 2012, Obiero akagongwa kichwani. Halikuonekana kuwa pigo kubwa kuliko mengine. Alianguka, akainuka, akapunga mkono, watu wakashangilia. Tulipokuwa tukirudi kwa gari lake, akalipita jengo letu. Nikadhani anakwenda dukani. Akazunguka, akalipita tena. Mara ya tatu aliegesha kando, akazima gari, akaniuliza kwa sauti ndogo.

"TZ... kwetu ni wapi?"

Nikacheka, nikijua ni utani wake. Kisha nikamtazama usoni. Alikuwa haniangalii. Alikuwa anayaangalia majengo, moja baada ya jingine, kama mtu aliyeshuka kwenye ndege saa hiyo.

Nilimwelekeza. Kwenye lifti akanishika mkono, akaniomba nisimwambie Konsolata, wala mtu yeyote. Itapita tu, alisema. Nami nikaitikia.

Haikupita. Wiki mbili baadaye aliniita kwenye ngazi za jengo, akaniambia ishara za kocha anaziona, lakini akitupa macho kwenye orodha mkononi, namba imeshamtoka kichwani. Kisha akaniambia alichokuwa amekipanga. Kwa kuwa mimi nazijua zote, nisimame na chupa zangu mahali anaponiona, nizisome ishara badala yake, halafu nimwambie kwa taulo. Taulo bega la kulia, shambulio liende kulia. Bega la kushoto, liende kushoto. Shingoni, arushe mbali. Hayo matatu angeyaweza, na mengine angeyamaliza kwa uzoefu.

Nilimwambia ninaogopa. Akanijibu, "Msimu huu tu, ndugu yangu. Wakinitoa kwa hii mpira, mimi nabaki nani? Nabaki mtu wa kufunga maboksi."

Nikakubali. Nilikuwa nalala juu ya godoro lake.

Tukadanganya watu wote! Kocha, wachezaji, washabiki. Tulishinda mechi tatu mfululizo, na kila aliposhangiliwa, mimi nilikuwa na taulo shingoni, nahesabu dakika zilizobaki. Nikaenda maktaba ya mtaa, nikakaa na vitabu vya ubongo na kamusi pembeni, nikasoma neno kwa neno. Ndipo nilipojua kwamba kichwa kilichotikiswa kisipopona, kikitikiswa tena, mtu anaweza kufa. Nilifunga kitabu nikatoka nje.

Tangu siku hiyo sikuwa mtu. Akisinzia kwenye kochi, namsogelea nisikie anavyopumua. Akipiga chafya nashtuka. Siku moja baada ya mazoezi alitapika nyuma ya makontena, akajifuta, akaniambia ni samosa. Jumapili yake akamwita Achieng' kwa jina la dada yake yeye Obiero, aliyekufa zamani. Mtoto akacheka. Shemeji hakucheka, alinitazama mimi...

Nikashindwa. Nilimfuata kocha kwenye maegesho ya magari, nikamwaga yote, hata habari za taulo. Kocha Errol alikuwa mzee wa Trinidad, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Akaniuliza kama niko tayari kuyasema hayo mbele ya Obiero na daktari. Nikasema hapana, hapana, nitafukuzwa nyumbani, nitakosa pa kwenda! Nikamwomba aniapie kwamba jina langu halitatajwa.

"Halitatoka kwangu," alisema. "Lakini mimi sikuwa ndani ya gari lile siku aliposahau kwake. Ni wewe."

Alimwita Obiero, akamtaka alete barua ya daktari. Obiero akakataa. Haumwi, barua ya nini? Basi mechi ya nusu fainali ilipofika, kocha alimweka benchi, akamwingiza kijana wa akiba. Alipoulizwa sababu alijibu kuwa ni uamuzi wake. Hakutaka kutangaza ugonjwa wa mtu hadharani.

Timu ilishinda kwa taabu, lakini nani alijali? Moto uliwaka! Kumkalisha Obiero benchi, baada ya miaka kumi na minne? Wengine walisema kocha amezeeka. Wengine, anampendelea kijana kwa sababu ni jirani yake. Kanisani wakasema wazi kwamba watu wa visiwa vya Karibi, kama yeye, hawatupendi sisi Waafrika. Wachezaji wakagoma mazoezi. Nami nilikuwa katikati yao wote, nawagawia maji, natikisa kichwa kama mtu mwenye uchungu. Mnaweza kuniamini? Hata mimi niliwahi kusema, "Kocha ametukosea."

Wiki ya fainali ukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa jumuiya. Wachezaji walikuja na wake zao. Kocha alikaa mbele peke yake. Obiero akasimama, amevaa shati la kanisani, akasema anataka sababu moja tu, mbele ya watu. Kocha akarudia kwamba alete barua ya daktari, atacheza. Watu wakazomea. Mmoja akapaza sauti kwamba mzee alete barua yake mwenyewe, ya macho. Wakacheka.

Ndipo shemeji Konsolata aliposimama. Hakumwangalia mumewe. Alinigeukia mimi niliyekuwa nimejibanza karibu na mlango.

"Shemeji, wewe unakwenda naye kazini, unarudi naye. Niambie mimi. Ana tatizo?"

Kocha alinitazama. Hakukonyeza, hakukunja uso, alinitazama tu kama mtu anayesubiri basi. Obiero naye alinitazama, na macho yake yalikuwa yanaomba. Niliwaza kitanda. Niliwaza baridi ya Januari na begi langu moja.

"Yuko mzima kabisa," nilisema.

Watu walipiga makofi! Kocha alivaa kofia yake, akaweka funguo za stoo ya timu mezani, akatoka. Shemeji alishusha pumzi, akaketi, akamshika mumewe mkono. Aliniamini!

Fainali ilichezwa Jumamosi, mchana mweupe, jua kali. Msaidizi wa kocha ndiye aliyeongoza timu. Obiero alipoingia, uwanja mzima ulisimama. Mimi nilisimama mahali petu na taulo, nikaliangusha mara mbili. Nilikuwa nasali kimoyomoyo iishe tu, hata tukishindwa.

Nusu ya kwanza alicheza vizuri. Nikaanza kupumua. Labda vitabu vinakosea, nilijiambia.

Kipindi cha pili nikaweka taulo bega la kushoto. Akanitazama. Akaendelea kunitazama. Nikaligusa lile bega kwa mkono, bado akanitazama, uso hauna kitu, kama siku ile ndani ya gari. Mpira ukaja mikononi mwake. Akasimama nao. Wenzake walikimbia kushoto, na yeye alibaki peke yake, ameshika mpira, anayaangalia majengo ya mbali nyuma ya uwanja. Nikapiga kelele za kumwita jina. Jitu moja la upande wa pili likamjia kwa kasi yake yote.

Sauti ya helmeti ile... sitaieleza.

Hakuinuka. Mkono wake mmoja ulibaki umenyooka hewani, umekakamaa, haushuki. Nilikimbia mpaka alipo, nikapiga magoti, nikawa namwambia kwetu ni Weston, kaka, ghorofa ya kumi na moja, kwetu ni Weston. King'ora kikaanza kusikika kwa mbali.

Madaktari walimpasua kichwa kutoa damu iliyokuwa imevuja. Tulikaa kwenye viti vya hospitali, mimi na shemeji, mpaka siku ya pili. Kocha Errol akaja, amebeba kofia yake mkononi. Shemeji alisimama mbele yake, akamuuliza kama alijua. Akajibu kwamba alijua. Akamuuliza nani alimwambia. Mzee akaitazama kofia yake. Mtu aliyeiacha timu yake kwa sababu ya uongo wangu, bado alikuwa anakitunza kiapo chake!

Nikasema ni mimi. Nikasema yote.

Shemeji hakulia wala kunipiga. Alisema, "Nilikuuliza wewe. Yeye sikumuuliza, nilijua atanidanganya. Nilikuuliza wewe."

Jioni ile begi langu lilikuwa nje ya mlango, limefungwa vizuri, nguo zimekunjwa.

Obiero hakufa. Lakini hafanyi kazi tena, mwanga unamuumiza, na mambo mapya hayakai kichwani mwake. Walihamia Mississauga, nyumba ya chini isiyo na ngazi. Baada ya mwaka shemeji alinipigia simu, kwa sababu Obiero alikuwa akiniulizia kila siku. Akaniruhusu niwe nakwenda Jumamosi. Anaheshimu maombi ya mumewe, si kwamba amenisamehe.

Nikifika, Obiero ananichangamkia, ananiita TZ, ananikalisha karibu naye. Kisha ananisimulia, kila Jumamosi, jinsi kocha alivyomwonea. Jinsi watu wote walivyogawanyika. "Ni wewe pekee ulisimama na mimi," ananiambia. "Mbele ya watu wote."

Nimemwambia ukweli mara tatu. Mara ya kwanza alilia sana, akanifukuza. Jumamosi iliyofuata alinichangamkia, akanikalisha karibu naye. Nikamwambia tena, akalia upya, kama hajawahi kusikia. Mara ya tatu shemeji alinivuta jikoni, akaniomba niache, kwa maana ninamuumiza bure, msamaha wenyewe hawezi kuubeba mpaka kesho.

Kwa hiyo nimewaandikia ninyi.

Wenzangu, hasa ninyi mnaoishi ugenini kwa hisani ya mtu mwingine, nawasihi. Mtu anayekulisha akikuomba umfichie ugonjwa, kataa. Atakukasirikia, atakutupia begi nje, utalala kwenye baridi. Mimi niliiogopa hiyo baridi, na kumbe ni kitu kidogo kabisa! Semeni mapema, mbele ya mkewe, mbele ya daktari, mbele ya yeyote. Semeni wakati bado ana akili ya kuwachukia na kukumbuka kesho yake kwa nini anawachukia.